Uoshaji wa tumbo

Uoshaji wa tumbo (pia: kuosha tumbo, kusafisha tumbo) ni kitendo cha kitabibu ambacho mpira mrefu hupitishwa mdomoni au puani hadi kwenye mfuko wa chakula, kisha maji humiminwa kidogokidogo na kutolewa tena pamoja na vitu vilivyomo ndani. Lengo lake linalojulikana zaidi ni kutoa sumu iliyomezwa kabla haijaingia katika damu.

Kwa zaidi ya karne moja kitendo hiki kilihesabiwa kuwa tiba ya kwanza kwa karibu kila mtu aliyemeza sumu, na katika sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, ndugu wa mgonjwa bado hutarajia kuona kikifanyika mara wanapofika hospitali. Lakini tangu miaka ya 1990 mashirika ya wataalamu wa sumu yanashauri kisifanyike kwa desturi, kwa sababu faida yake haikuthibitishwa ilhali madhara yake yanajulikana. Leo kimebaki kuwa tiba ya wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu.

Safari ya sumu tumboni

Ili kuelewa kwa nini uoshaji mara nyingi hausaidii, ni lazima kwanza kufahamu kazi ya mfuko wa chakula. Mfuko huo hauhifadhi vitu kwa muda mrefu. Kinachomezwa hupondwa na kuchanganywa na maji ya tumbo, kisha husukumwa kidogokidogo kupitia tundu la upande wa kulia kuingia katika utumbo mwembamba. Huko ndiko sehemu kubwa ya dawa na sumu hufyonzwa na kuingia katika damu. Vitu vya majimaji huondoka upesi, hasa tumbo likiwa tupu: nusu yake inaweza kuwa imepita kabla ya nusu saa kwisha. Chakula kigumu hukaa saa kadhaa.

Mpira wa kuoshea haufiki kwenye utumbo. Kwa hiyo unaweza kutoa kile tu ambacho bado kimo katika mfuko wa chakula, na kiasi hicho hupungua kila dakika. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya waliokubali kumeza vidonge au vitu vya kupimia visivyo na madhara yalionyesha mambo mawili: kiasi kilichotolewa kilitofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kilipungua haraka kadiri muda ulivyopita. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya saa moja, yaani kwamba baada ya dakika 60 tangu kumeza hakuna tumaini kubwa la kupata kitu cha maana.

Kanuni hiyo si mstari uliochorwa kwa rula. Dawa za jamii ya afyuni na baadhi ya dawa nyingine hupunguza mwendo wa tumbo. Vidonge vingi vinapomezwa pamoja, kama vile vya madini ya chuma, vinaweza kugandamana na kuwa bonge linalokaa tumboni kwa muda mrefu. Hata hivyo bonge la namna hiyo halipiti katika matundu ya mpira, na vidonge vizima mara nyingi havipiti pia.

Historia

Wazo la kutumia mpira kutoa sumu tumboni lilitajwa na Alexander Monro wa Edinburgh, Uskoti, katika karne ya 18. Mwaka 1812 daktari mpasuaji Philip Syng Physick wa Philadelphia, Marekani, alichapisha maelezo ya kuwaosha kwa njia hiyo watoto wachanga mapacha waliopewa laudanum kupita kiasi. Laudanum ilikuwa afyuni iliyochanganywa na pombe, dawa iliyokuwamo katika nyumba nyingi za wakati ule. Baadaye Physick alipopata habari za Monro alikiri hadharani kwamba mwenzake alimtangulia.

Katika miaka ya 1820 mpasuaji Edward Jukes wa London alitengeneza pampu ya tumbo. Baada ya kuijaribu kwa mbwa, alimeza laudanum mwenyewe na kuoshwa kwa chombo chake. Jaribio hilo lilisifiwa kwa ushujaa, ingawa kwa macho ya leo halithibitishi mengi. Mtu mmoja aliyenusurika hawezi kuonyesha kama angekufa bila pampu. Katika miaka ya 1860 Mjerumani Adolf Kussmaul aliitumia pampu kwa shabaha nyingine kabisa: kuwapa nafuu wagonjwa ambao tundu la kutokea la tumbo lilikuwa limeziba, nao wakawa wanatapika na kukonda.

Katika karne ya 20 uoshaji ulienea katika hospitali zote. Pamoja nao ilitumika shira ya ipekakuana, dawa ya kutapisha itokanayo na mizizi ya mmea wa Amerika Kusini. Nchini Marekani wazazi walihimizwa kuiweka nyumbani, mpaka mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilipowashauri waache.

Namna inavyofanyika

Kazi hii hufanywa hospitalini na watu waliofunzwa, penye mashine ya kufyonza mate na matapishi, oksijeni na vifaa vya kumsaidia mgonjwa kupumua. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu. Ulalo huu una sababu mbili. Kwanza, kwa kuwa tundu la kutokea tumboni liko upande wa kulia, yaliyomo hukusanyika mbali nalo. Pili, akitapika, matapishi hutoka mdomoni badala ya kuteremka mapafuni.

Mpira hupimwa juu ya mwili, kuanzia mdomoni hadi chini ya mfupa wa kifua, ili ijulikane ni urefu gani uingie. Kwa mtu mzima hutumika mpira mnene wa namba 36 hadi 40 katika kipimo cha Kifaransa, yaani upana wa milimita 12 hadi 13 hivi. Kwa mtoto ni namba 24 hadi 28. Mpira mwembamba wa puani unaotumika kulishia wagonjwa hutoa majimaji tu.

Kabla ya kumimina chochote ni lazima kuhakikisha kwamba mpira umefika tumboni, wala haukuingia katika njia ya hewa. Kisha humiminwa maji ya vuguvugu, kama mililita 200 hadi 300 kwa mara moja kwa mtu mzima. Mtoto hupewa mililita 10 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwake hutumika maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, kwa kuwa maji matupu yanaweza kupunguza chumvi ya damu na kuleta degedege. Maji yanayotoka yalingane na yaliyoingia. Kazi hurudiwa hadi yanayotoka yawe safi.

Kiasi hicho kidogo cha kila mara si jambo la hiari. Maji mengi yakimiminwa kwa pupa hulijaza tumbo na kusukuma yaliyomo kwenye utumbo, kule kule ambako sumu hufyonzwa. Hivyo uoshaji uliofanywa vibaya unaweza kuharakisha kile ulichokusudiwa kuzuia.

Madhara

Hatari kubwa kuliko zote ni maji au matapishi kuingia mapafuni, jambo linaloleta homa ya mapafu au kumkosesha mgonjwa hewa papo hapo. Mtu mwenye fahamu timamu hukohoa kitu kikikosea njia. Aliyelewa sumu, anayesinzia au aliyepoteza fahamu hakohoi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, daktari au mtaalamu wa usingizi hana budi kwanza kuweka mpira wa kupumulia katika koo la hewa, wenye puto dogo linaloziba pembeni. Mahali pasipo na huduma hiyo, asioshwe.

Madhara mengine ni koo la hewa kukazana, oksijeni kupungua katika damu, mapigo ya moyo kuvurugika, kutokwa damu, na mara chache umio au tumbo kutoboka. Mgonjwa anayepigana na wauguzi yumo hatarini zaidi. Hili si jambo dogo, kwa sababu wengi wanaoletwa baada ya kumeza sumu walijidhuru kwa makusudi wakiwa katika dhiki, na kuna mahali walipofungwa na kuoshwa kwa nguvu kana kwamba ni adhabu. Zaidi ya kuhatarisha mapafu, kitendo hicho huwafanya waogope kurudi hospitali, ilhali wanahitaji mtu wa kuwasikiliza na tiba ya msongo uliowafikisha hapo.

Ushahidi

Kwa muda mrefu uoshaji ulilindwa na jambo moja: matokeo yake yanaonekana kwa macho. Vipande vya vidonge hutoka, maji hutoka yakinuka dawa, na mgonjwa hupona. Lakini wengi wa waliomeza sumu hupona kwa uangalizi tu, kwa kuwa kiasi walichomeza hakikuwa cha kuua. Anayehesabu waliopona baada ya kuoshwa bila kuwalinganisha na wasiooshwa hatajua kilichowaponya.

Ulinganisho wa kweli ulianza kufanyika katika miaka ya 1980. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1985 ulihusu wagonjwa 592, ambao kwa kufuata siku walizofika walitapishwa au kuoshwa tumbo pamoja na kupewa mkaa wa dawa, au walipewa mkaa peke yake. Kwa jumla hakukuwa na tofauti. Kundi dogo tu la waliokuwa na fahamu hafifu na waliooshwa ndani ya saa moja lilionekana kunufaika. Utafiti wa Australia wa mwaka 1995, uliokuwa na wagonjwa 876 na mpango unaofanana, haukuona faida hata kwa kundi hilo.

Mwaka 1997 chama cha wataalamu wa sumu cha Marekani na kile cha Ulaya vilitoa tamko la pamoja kwamba uoshaji wa tumbo usiwe desturi katika kuwatibu waliomeza sumu. Matamko yaliyofuata mwaka 2004 na 2013 yalishikilia msimamo huohuo. Katika kitabu chake cha mwongozo wa matibabu ya watoto hospitalini, Shirika la Afya Duniani linaruhusu uoshaji endapo tu wahudumu wana uzoefu, muda tangu kumeza haujafika saa moja, sumu yenyewe inatishia maisha, na mtoto hakumeza kitu kinachounguza wala jamii ya mafuta ya taa.

Inafaa kutambua kwamba sehemu kubwa ya tafiti za nchi tajiri iliwahusu watu waliomeza vidonge, ambao wengi wao hawakuwa katika hatari ya kufa. Viuatilifu vya shambani ni sumu kali zaidi, na swali la kama matokeo hayo yanawahusu wakulima wa Asia na Afrika ni la haki. Nchini China uoshaji, hata wa kurudiwarudiwa, umekuwa sehemu ya kawaida ya kutibu sumu za organofosfeti. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikusanya majaribio 56 ya Kichina, lakini ubora wake ulikuwa duni kiasi kwamba hayakuweza kuthibitisha kuwa uoshaji unaokoa maisha.

Mfano wa Sri Lanka

Nchi iliyochunguzwa kwa makini kuliko nyingine ni Sri Lanka, ambako viuatilifu na mbegu za mwoleanda wa manjano viliua watu wengi vijijini. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilichapisha maelezo ya uoshaji 14 mfululizo walioushuhudia katika hospitali nne. Waliooshwa ni wale walioshindwa kutapika walipolazimishwa, bila kujali muda uliopita, na hata waliomeza kitu kisichoweza kuua. Njia ya hewa ililindwa kwa nadra. Maji yalimiminwa kwa wingi, wakati mwingine zaidi ya lita moja kwa mara moja. Mioyo kusimama na maji kuingia mapafuni vilishuhudiwa. Wahudumu waliohojiwa waliamini kwamba njia hiyo inaokoa maisha, na ndugu wa wagonjwa waliwashinikiza waifanye.

Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya atautambua mkazo huo. Muuguzi anayeketi kando ya mgonjwa akihesabu pumzi na kuangalia mboni za macho huonekana kama hafanyi kitu, ilhali anayeshika mpira na ndoo huonekana anapigania uhai.

Kilichopunguza vifo nchini Sri Lanka ni hatua iliyochukuliwa mbali na wodi. Kuanzia miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, na parakwati ikafuata mwishoni mwa miaka ya 2000. Kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha vifo vya kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Idadi ya waliofikishwa hospitali kwa sababu ya sumu haikushuka hivyo. Ila walichomeza hakikuua kama zamani, nao wakapata nafasi ya pili.

Mkaa wa dawa na viuasumu

Kilichochukua nafasi ya uoshaji katika hospitali nyingi ni mkaa wa dawa. Huu si mkaa wa kupikia. Hutengenezwa kwa kuchoma vitu kama vifuu vya nazi au mbao, kisha kuvipitisha katika mvuke mkali mpaka vijae vitundu vidogo mno. Gramu moja ina uso wa karibu mita za mraba 1,000, na chembe za sumu hunata juu yake badala ya kuingia katika damu. Mtu mzima huupewa gramu 50 katika maji, na mtoto gramu 1 kwa kila kilo, mradi anaweza kumeza kwa usalama. Haunasi pombe, chuma, tindikali wala mafuta ya taa.

Nao pia si muujiza. Jaribio kubwa la Sri Lanka lililochapishwa mwaka 2008, lenye wagonjwa 4,632, halikuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa mkaa na wasiopewa. Kwa hiyo uzito wa matibabu uko katika kulinda njia ya hewa, kusaidia upumuaji na mzunguko wa damu, na kutoa kiuasumu pale kilipo: atropini kwa organofosfeti, asetilsisteini kwa parasetamoli, naloksoni kwa jamii ya afyuni. Mgonjwa wa organofosfeti anayetokwa mate na jasho jingi, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, hufa kwa kushindwa kupumua. Dakika 20 zinazotumika kumwosha kabla ya kumpa atropini na oksijeni ni dakika alizonyimwa.

Mafuta ya taa na vitu vinavyounguza

Katika Afrika Mashariki watoto wadogo wengi hunywa mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda au ya maji. Huyu ndiye mgonjwa ambaye wazazi hutaka aoshwe haraka, naye ndiye asiyepaswa kuoshwa kabisa. Mafuta ya taa hufyonzwa kidogo sana tumboni, na yakibaki humo kwa kawaida hayamdhuru sana. Lakini ni mepesi na huteleza: tone likiingia mapafuni husambaa na kuleta homa kali ya mapafu. Kumtapisha au kumpitishia mpira ni kuyapa mafuta njia ya pili ya kupita kooni. Mtoto huangaliwa kupumua kwake kwa saa kadhaa, na hupewa oksijeni akihitaji.

Aliyemeza tindikali ya betri, jiki au dawa ya kuzibulia mabomba haoshwi pia, kwa sababu umio ulioungua unaweza kutobolewa na mpira, na kinachotapishwa huunguza mara ya pili.

Nyumbani, kabla ya kufika hospitali, mgonjwa asitapishwe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi imewahi kuua yenyewe. Maziwa, ambayo katika nyumba nyingi huaminiwa kuwa dawa ya kila sumu, hayazimui viuatilifu, na yakimjaza tumbo mtu anayesinzia humwongezea hatari ya kutapika. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu. Nguo zilizomwagikiwa dawa ya shambani zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Chupa au pakiti iliyokuwa na sumu ipelekwe pamoja naye, kwa kuwa jina lililoandikwa juu yake humsaidia daktari kuchagua kiuasumu.

Matumizi mengine

Uoshaji hutumika pia nje ya suala la sumu. Zamani watu waliotapika damu walioshwa kwa maji ya barafu ili kuzuia damu isitoke. Barafu haikusaidia na imeachwa. Katika nchi za baridi, tumbo linaweza kuoshwa kwa maji ya moto kiasi ili kumrudishia joto mtu aliyeganda kwa baridi kali. Kabla ya upasuaji wa tumbo lililoziba, mabaki ya chakula hutolewa kwa njia hiihii, kama alivyofanya Kussmaul.

Kwa watoto wa Afrika, matumizi muhimu zaidi yamekuwa katika kupima kifua kikuu. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi. Huyameza usiku akiwa amelala. Alfajiri, kabla hajala wala kunyanyuka, mpira mwembamba hupitishwa puani na maji ya tumbo huvutwa, na yakiwa machache huongezwa maji kidogo ya kusuuzia. Maji hayo hupelekwa maabara kutafutwa vimelea. Kazi hii humhitaji mtoto kulazwa na kukaa bila kula, nayo humliza. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umekubali pia kinyesi kuwa sampuli ya kupimwa kwa mashine ya vinasaba kwa watoto wenye dalili za kifua kikuu, kwani vimelea vilivyomezwa pamoja na makohozi hutokea huko.